Kiwanja cha mita 8 mjini: tuache mita 1.5 kila upande, au majirani washiriki ukuta mmoja?

Mchora ramani (mtoa hoja)
Hoja hii inamhusu kila aliyegawana kiwanja na ndugu zake au kununua kipande chembamba Sinza, Temeke au Mwananyamala. Chukua kiwanja cha mita 8 kwa 20, nyumba ya ghorofa moja, tofali za kuchoma zisizopigwa plasta nje. Ukiambiwa uache mita 1.5 kila upande, vichochoro viwili vinameza mita za mraba 60 kati ya 160. Nyumba inabaki na upana wa mita 5. Toa kuta mbili za inchi 9, toa korido ya mita 1 na ukuta wa kati, chumba kinapata mita 3.4. Na kichochoro chenyewe? Dirisha linatazamana na dirisha la jirani, watu wanaziba kwa pazia, hewa haipiti.

Nasema majirani wajenge ukuta mmoja juu ya mpaka, na nafasi ile ikusanywe kuwa ua wa ndani wa mita 3 kwa 4. Mji Mkongwe na Lamu nyumba zimebanana karne nyingi, na mwanga unaingia kwa juu. Kwetu karibu na ikweta jua la saa sita mchana huwa karibu na utosi kwa miezi mingi, kwa hiyo ua wa mita 3 unamulikwa hata chini.

Mkaguzi wa majengo
Ndugu mchora ramani, kuta za Lamu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Usizilinganishe na inchi 9. Hofu yangu kubwa ni moto. Ukuta wa tofali wenyewe unastahimili vizuri, ila mafundi wanaupitisha mbao za kenchi hadi kwa jirani, na hapo moto umeshapata njia. Pili, zimamoto wataingilia wapi ikiwa nyumba kumi zimeshikana? Mita 1.5 si anasa.

Mhandisi
Naunga mkono ukuta wa pamoja, ila napinga vikali kile ambacho wengi hukifanya kwa jina hilo, yaani kila mtu kujenga ukuta wake hadi mwisho wa mpaka. Ukuta wa sentimita 23 unakaa katikati ya msingi wa sentimita 60, maana yake sentimita 18.5 za msingi zinatokeza kila upande. Ukijenga mwisho wa mpaka, sentimita hizo ziko kwa jirani. Fundi akizikata, mzigo unakaa ukingoni mwa msingi, msingi unainama, na ufa unatokea pale kuta za vyumba zinapoungana na ukuta huo. Ukilazimika kujenga hivyo, funga msingi wa mpakani na wa ndani kwa boriti za zege.

Ukuta wa pamoja kweli hukaa katikati ya mpaka na hauna kasoro hiyo, mradi msingi upigiwe hesabu ya mzigo wa nyumba mbili tangu siku ya kwanza. Shida ni kwamba majirani hawajengi mwaka mmoja. Nondo zinazoachwa nje zikisubiri jirani huliwa na kutu, hasa karibu na bahari. Zipakwe uji wa saruji, kisha zifunikwe kwa zege hafifu litakalobomolewa baadaye. Na jirani akija kuchimba, asichimbe mfereji wote mara moja. Achimbe vipande vya mita 1, akiruka kimoja kila mara, amwage zege, ndipo arudi kwenye vilivyobaki.

Fundi mwashi
Mimi nitasema la tofali. Kwa tofali za milimita 215 kwa 102 kwa 65, ukuta wa inchi 9 unakula tofali 120 kwa mita ya mraba. Ukuta wa urefu wa mita 12 na kimo cha mita 6 ni tofali 8,640. Ongeza za kuvunjika, agiza 9,300. Majirani wakigawana, kila mmoja analipia nusu.

Lakini tofali za ukingoni mwa tanuru haziivi. Gonganisha mbili, zilie kama chuma. Loweka moja usiku na mchana: tofali la kilo 2.5 likinyonya zaidi ya nusu kilo, lisiwekwe nje bila plasta. Na msiache ule uwazi wa sentimita 10 au 20 kati ya kuta mbili. Mkono hauingii kupiga plasta wala kufunga viungo, maji ya mvua yanajaa takataka, unyevu unapanda hadi kitandani. Ama gusaneni, ama acheni nafasi ya mtu kupita.

Mchora ramani
Nakubali masharti ya mhandisi yote. Kwa mkaguzi: ukuta upite juu ya bati kwa sentimita 40, na mbao zote ziishie ndani ya nyumba yake. Paa liinamie ua, si kwa jirani. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 100 kwa saa linamwaga lita 8,000 kwa saa, kwa hiyo weka bomba mbili za inchi 4, na tundu la dharura kwenye mfereji wa paa, bomba zikiziba.

Mkaguzi wa majengo
La moto na la maji umejibu. La njia ya zimamoto hujajibu, na lipo pia la majitaka. Uchafu ukiziba bomba la majitaka lililopita chini ya sebule, mtavunja jamvi, yaani sakafu ya zege? Chemba ziwe uani na mbele, shimo liwe mbele mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya unafika. Na makubaliano ya ukuta yaandikwe na kuambatanishwa na hati za viwanja vyote viwili, kwa kuwa jirani wa leo atauza, na mnunuzi atataka kuongeza ghorofa nyingine juu ya ukuta uliopigiwa hesabu ya ghorofa moja. Mkileta ramani yenye hayo, nitaisoma. Bila hayo, naendelea kudai mita 1.5.