Mtoto anatapika kila akinywa ORS, nimpeje?

Mama Nuru:
Habari zenu wapendwa. Mtoto ana mwaka na nusu, kilo 10. Tangu jana anaharisha maji matupu, hayana damu, na anatapika. Nikimpa ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji, kwa kikombe anainywa kwa pupa, kisha yote inarudi. Pakiti ni ya lita moja, naweza kukoroga nusu yake kwa nusu lita? Na soda iliyotolewa gesi je?

Tabibu wa zamu:
Pole mama Nuru. Weka kikombe kando kwanza, maana tumbo lenye virusi likijazwa ghafla linarudisha. Akitapika, subiri dakika 10, halafu anza kijiko kimoja cha chai (ml 5) kila baada ya dakika moja au mbili. Bomba la sindano, bila sindano yenyewe, ni rahisi zaidi: liweke ndani ya shavu, sukuma polepole. Unaona ni kidogo, lakini ml 5 kila dakika 2 ni ml 150 kwa saa. Atalilia kikombe kwa kiu. Usikubali, huruma hiyo ndiyo inayorudisha matapishi. Akitulia, ongeza taratibu, na kila akiharisha mpe ml 50 hadi 100. Kama ananyonya, aendelee kunyonya.

Mfamasia:
Pakiti usiigawe. Chumvi na sukari humo hazijalala sawasawa, kwa hiyo nusu moja inaweza kubeba chumvi nyingi kuliko nyingine. Mimina yote kwenye lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Ukishachanganya usichemshe tena, na kikibaki kitu baada ya saa 24, mwaga.

Soda hapana, hata bila gesi. Utumboni sukari na sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) huingia mwilini pamoja, maji yakifuata nyuma. Ndiyo maana ORS ya sasa ina sodiamu na glukosi (aina ya sukari) kwa kiasi sawa, milimoli 75 kila moja kwa lita. Soda ina sukari tele na sodiamu kiduchu. Sukari hiyo huvuta maji yarudi utumboni, kuhara kunazidi. Juisi ya dukani vilevile, na usiongeze sukari kwenye ORS ili iwe tamu.

Pakiti ikikosekana kabisa: lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, hivyo onja: isizidi chumvi ya machozi. Mchanganyiko huu hauna madini ya potasiamu, ni wa kuvukia tu hadi upate pakiti.

Umpe pia zinki, mg 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Antibayotiki haziui virusi, na dawa za kufunga kuhara mtoto huyu asipewe.

Mama Nuru:
Asanteni sana. Nitajuaje kwamba ya nyumbani hayatoshi?

Tabibu wa zamu:
Finya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kisha achia. Ikichelewa kurudi, hasa ikipita sekunde 2, ondoka nyumbani. Vivyo hivyo akiwa na macho yaliyodidimia, akilia bila machozi, nepi ikikaa kavu kwa muda wa saa 6, au kinyesi kikiwa na damu. Aliyeanza kukaukiwa hupewa ml 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, kwa huyu ni ml 750, akiwa chini ya uangalizi kituoni. Matapishi ya kijani, kulegea, au mtoto aliyekuwa na kiu sasa hataki kunywa: mpeleke saa hiyohiyo, usiku au mchana, ukimpa vijiko njiani maadamu anameza.