Sensa inakata ujumbe kisha inaganda, na RAM bado ipo

kipima_unyevu: Wakuu, habari za kazi. Nina kifaa cha chipu ndogo ya ATmega328P kinachosoma joto na unyevu na kutuma kwa redio. Kikiwashwa kinakwenda vizuri tu. Siku zikipita, ujumbe unaanza kufika bila mkia, unyevu haumo, kisha kinaganda hadi nikizime. Ujumbe naunganisha kwa String (maandishi yanayoweza kurefuka) na +=, inayoongeza kipande mwishoni. Kila usomaji nauombea nafasi kwa malloc, ukishatumwa nauachia kwa free, na nimekagua: hakuna malloc isiyo na free yake. Nafasi tupu nikizijumlisha zinapita baiti 400, ujumbe wenyewe haufiki 60. Inakosaje nafasi?

mzee_wa_rejista: Jumla haikusaidii kitu, mkuu. Uliza pengo kubwa kuliko yote lina baiti ngapi. malloc inataka baiti zilizofuatana, na ukishashika pointa (anwani ya nafasi uliyopewa) hakuna wa kuhamisha vitu ili mapengo yaungane. Usomaji wa baiti 12 ukikaa mbele ya String inayokua, String hairefuki pale ilipo. Inahamia kwingine na kuacha pengo nyuma. Rudia hivyo usiku na mchana ndani ya RAM ya baiti 2048, huku staki (nafasi ya muda ya funksheni zinazoendelea) nayo ikishuka kutoka juu.

Huo mkia uliokatika ndio ushahidi wenyewe. += ikikosa nafasi inaiacha String kama ilivyokuwa, kimyakimya. malloc nayo inarudisha NULL, yaani anwani 0, na kwenye chipu hiyo anwani 0 ni r0, mojawapo ya rejista (vyumba vidogo vya kazi vya prosesa). Ukiandika hapo bila kukagua unakanyaga rejista za prosesa, na hakuna ulinzi wa kukuzuia. Hapo usishangae kuganda.

bafa_moja: Futa malloc zote. Tangaza `char ujumbe[64]` nje ya funksheni, andika kwa snprintf, isiyopita ukubwa unaoipa, basi. Ila %f (ya kuandika desimali) kwenye AVR, familia ya chipu yako, kwa kawaida inakutolea alama ya kuuliza. Zidisha joto kwa 10 utume namba kamili.

kipima_unyevu: Hilo nimelipata. Lakini redio ikikosa mawasiliano natunza usomaji kwenye foleni, na idadi siijui mapema.

mzee_wa_rejista: Idadi huijui, lakini kikomo lazima ukiweke, maana RAM tayari inacho chake. Tenga vyumba 16 vya baiti 12, yaani baiti 192, tangu mwanzo. Weka namba mbili: pa kuandika na pa kusoma. Kila moja ikifika 16 inarudi 0. Foleni ikijaa, mimi hutupa usomaji wa zamani. Wengine hukataa mpya, ni uamuzi wako. Kama unaandika ndani ya interapti (msimbo unaokatiza programu kuu ghafla), kule kutupa kunasogeza namba ya msomaji pia, kwa hiyo msomaji azime interapti wakati ananakili.

bafa_moja: Na maktaba ya redio usiiamini hivihivi. Pitisha faili la .elf (programu iliyokwisha kujengwa) kwenye avr-nm, inayoorodhesha majina ya funksheni zilizomo. Ukiona malloc bado imo, kuna mtu anaiita.