Tupeane uzoefu: tuliyatambuaje matatizo ya ulaji kwa mabinti na dada zetu?

Dada wa Umoja
Wapendwa, naomba tupeane uzoefu kuhusu ugonjwa ambao hapa Nairobi bado unachukuliwa kuwa majivuno ya wasichana, ilhali madaktari wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wakiueleza tangu mwaka 1873. Mdogo wangu, akiwa chuoni, alipatwa na anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa hata mwili ukiwa umekwisha kudhoofika. Alipoanza kukonda tulimpeleka kupimwa kifua kikuu na vidonda vya tumbo, jambo lililofaa, kwa kuwa kukonda kuna sababu nyingi. Majibu yalirudi bila kasoro, na ni daktari wa pili aliyemuuliza kuhusu hedhi, ambayo ilikuwa imekatika.

Dalili nyingine zilikuwa mezani petu. Alikuwa akiukata ugali vipande vidogo mno, akivisukuma huku na huku sahanini, na wakati huohuo akituhimiza sisi tuongeze mboga aliyoipika mwenyewe. Alivaa sweta nzito katika jua la Februari, nywele zikamnyonyoka kichwani, na malaika yakamwota mikononi, maana mwili unaokosa chakula hubana matumizi: joto hupungua na moyo hupiga polepole. Linaloniuma hadi leo ni kwamba katika kila ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, na kila harusi aliyohudhuria wakati huo, alisifiwa kwa kupungua.

Mwalimu wa bweni
Asante, dada. Mwanafunzi niliyemlea mimi hakuwa mwembamba hata kidogo, na ndiyo maana hakuna aliyemshuku. Kila baada ya chakula cha jioni alikwenda chooni peke yake na kuuacha mfereji wazi ili sauti isisikike. Mashavu yake yalivimba karibu na masikio, na kwenye vifundo vya vidole vya mkono wa kulia alikuwa na makovu yaliyosababishwa na meno wakati wa kujitapisha. Daktari wa meno ndiye aliyetuthibitishia, kwa kuwa asidi ya tumbo ilikuwa imeyala meno ya juu kwa upande wa ndani. Hiyo ndiyo bulimia, yaani kula kupita kiasi kisha kujitapisha.

Nesi wa Kasarani
Mwalimu, umeeleza vizuri. Naongeza kwamba kutapika mara kwa mara hupunguza potasiamu katika damu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika, hata mtu akafariki ghafla akiwa na uzito wa kawaida. Dawa za kuharisha zinazonunuliwa kwa kificho haziondoi unene. Huondoa maji na chumvi, kwani chakula kingi kimekwisha kufyonzwa kabla ya kufika zinakofanyia kazi. Hedhi iliyokatika nayo isipuuzwe, maana homoni zikipungua mifupa hudhoofika katika umri uleule ambao ilipaswa kukomaa. Anayezimia, au anayehisi moyo kwenda ovyo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na tafadhali, aliyekaa na njaa muda mrefu msimshindilie chakula nyumbani. Madini ya damu yanaweza kushuka ghafla na kumweka hatarini, kwa hiyo huanza kulishwa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Mpangaji wa Ngara
Mimi ni mgonjwa mwenyewe, wa ulaji wa kupindukia, na sijitapishi. Nikitoka kazini nilikuwa nanunua chipsi na chapati za watu kadhaa, nakula nimejifungia chumbani hadi tumbo linauma, kisha naficha karatasi kwenye mkoba ili jirani asizione kwenye pipa. Kliniki moja iliniambia nipunguze uzito tu, bila kuniuliza ninavyokula. Nilipopata mshauri nasaha aliyeuelewa ugonjwa huu, nilijifunza kwamba kujinyima mchana kutwa ndiko kulikochochea ulaji wa usiku, na sasa ninakula kwa saa zilizopangwa, kiamsha kinywa kikiwemo. Hali hii ilitambuliwa rasmi kuwa ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013.

Dada wa Umoja
Pole sana, na asante kwa kutueleza. Nesi, mzazi amwanzie vipi binti yake?

Nesi wa Kasarani
Amwite faraghani, wala si mezani mbele ya wageni. Asiutaje mwili wake, wala asimwambie kwamba amekonda, kwa kuwa mgonjwa huweza kulisikia hilo kama sifa. Ataje alichokiona: "Mwanangu, naona unasikia baridi kila wakati, na baada ya kula unajifungia. Nina wasiwasi, twende pamoja kwa daktari." Akikataa leo, arudie tena baada ya siku chache.