Anwani za IP zinaisha kila Jumamosi jioni: nipanue hadi /23, /22 au nigawe kwa ghorofa?

FundiWaGhorofa
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla sijaharibu mtandao wa watu. Nasimamia intaneti ya flati moja hapa Pipeline, ghorofa nane, nyumba 80, wanaolipa ni 52. Ruta ni MikroTik, mtandao ni 192.168.1.0/24 (hiyo /24 ndiyo ukubwa wa mtandao), na nimetenga .10 hadi .254 kwa ajili ya wateja, yaani anwani 245. Kila anwani inakodishwa kwa siku tatu. Kila ghorofa ina kifaa chake cha Wi-Fi chenye jina lake: Ghorofa-1, Ghorofa-2, hivyo hivyo hadi 8.

Jumamosi jioni, watu wakiwa nyumbani, simu zinabaki kwenye "Inapata anwani ya IP" hadi mtu anakata tamaa. Laptopu ya mwanafunzi wa ghorofa ya sita niliikuta na 169.254.31.7, anwani ambayo kifaa hujipa chenyewe kikikosa ya ruta. Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza nguo mtandaoni alikaa usiku mzima bila kuwajibu wateja, na alikuwa amelipia mwezi. Iliniuma sana.

Nilijaribu kupanua. Niliandika 192.168.1.0/23, nikaongeza anwani za 192.168.2.x. Simu zilizopata 2.x hazikuona ruta kabisa, nikarudisha mambo yalivyokuwa. Rafiki yangu ananiambia niweke /16 nisiwaze tena. Mnasemaje?

WayaMbili
Pole kaka. Hilo la 2.x limewakamata wengi, hata mimi. Sabneti, yaani kipande cha mtandao, haianzii popote unapotaka. Kwa /23, namba ya tatu ya kuanzia lazima iwe shufwa: 0 na 1 ni kipande kimoja, 2 na 3 kingine, 4 na 5 kingine. Ruta yako ya 192.168.1.1 ikiwa na /23 inakaa kati ya 192.168.0.0 na 192.168.1.255. Zile 2.x zilikuwa kwa jirani. Ungeongeza 0.x zingekubali.

Na usishangae simu ikipata 192.168.0.255 au 192.168.1.0. Ndani ya /23 hiyo ni anwani halali kabisa. Zisizotumika ni mbili tu, ya kwanza (0.0) na ya mwisho (1.255).

DadaSwichi
Achana na /16. Hiyo ni anwani 65,534 kwa flati moja, na inameza 192.168 yote. Siku mwenye nyumba akikuambia uunganishe na flati yake ya pili, hutakuwa na kipande cha kuipa.

Ukipunguza namba baada ya mkwaju kwa moja, nafasi inaongezeka maradufu. /24 inakupa 254 za kutumia, /23 ni 510, /22 ni 1,022. Ukiongeza moja, unakata nusu: /25 ni 126, /26 ni 62. Kwako /23 inatosha.

MzeeWaKebo
Mimi ningegawa kwa ghorofa. Hama kwenye 192.168.1, maana ruta ndogo nyingi za madukani Luthuli huja na hiyo, na mpangaji akichomeka yake vibaya mnagongana. Tumia 10.x, imetengwa kwa mitandao ya ndani tangu miaka ya 1990, pamoja na 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Chukua 10.20.0.0/23 uikate /26 nane, kila ghorofa na VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa juu ya nyaya zile zile. 64 mara nane ni 512, inaingia bila kubaki hata moja. Brodikasti (ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja) za ghorofa moja hazitasumbua nyingine.

DadaSwichi
Mzee, kwa heshima, /26 itambana. Ruta ikichukua moja zinabaki 61. Nyumba kumi zote zikijiunga, kila moja na vifaa vitano, ni 50. Wageni wa Jumapili je? Afadhali /25 nane, jumla /22. Anwani za ndani hatuzilipii.

Na tusimtishe na ukubwa wa maski (hiyo namba baada ya mkwaju) peke yake. Kelele ya brodikasti inaletwa na vifaa vilivyomo. Vifaa 200 ndani ya /22 vinapiga kelele ile ile ya vifaa 200 ndani ya /24. Tatizo ni kwamba kwenye Wi-Fi brodikasti hupita kwa kasi ya chini, ikala muda wa hewani wa kila mtu, kwa hiyo kugawa kuna faida hata anwani zikiwa tele.

NjiwaWaNgara
Ngojeni kwanza. Nyumba 52 kwa vifaa vinne ni 208, na yeye ana 245. Nani anakula zilizobaki? Kaka, una majina manane ya Wi-Fi. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hutumia MAC (namba ya kukitambulisha kifaa) tofauti kwa kila jina la Wi-Fi. Kijana akipanda ngazi kutoka Ghorofa-1 hadi Ghorofa-5, simu yake ikishika kila jina, ruta inaona simu tano, na kila moja inashikilia anwani siku tatu. Fungua orodha ya waliokodi uangalie kama jina la kifaa kimoja linajirudia.

FundiWaGhorofa
Nimefungua sasa hivi. Simu moja ina anwani sita! Nyingine nne, nyingine tatu. Sikuwahi kuwaza hivyo.

NjiwaWaNgara
Weka jina moja kwa vifaa vyote vinane, na punguza muda wa kukodi uwe saa mbili. Usiguse maski kabla hujaona Jumamosi moja.

FundiWaGhorofa
Narudi na habari. Jumamosi saa tatu usiku nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na laptopu, nikihesabu: anwani 171 zimekodiwa, na bado ilikuwa /24 ile ile. Yule mama alinionyesha simu yake ikifanya kazi. Mwisho wa mwezi nahamia 10.20.0.0/22, /25 kwa ghorofa, kwa sababu nyumba 28 zilizobaki zimeanza kuuliza bei.

Swali moja limebaki. Kamera ziko 12 na kinasa picha kimoja, nataka ziwe na sabneti yao. /28 ina 14, itatosha?

WayaMbili
Kamera 12, kinasa picha, na ruta: zimeshafika 14. Kamera ya geti la nyuma utaiweka wapi? Zipe /27, ziwe na 30. Ila hiyo /22 yako imejaa kwa ghorofa nane, kwa hiyo kamera ziende 10.20.4.0/27.