Mrejesho: Nilitamani kujifungulia majini

Niliuliza kama mama wa mimba ya kwanza, hapa Uingereza, anaweza kujifungulia majini, na ajiandaeje mpango ukibadilika. Asanteni sana, dada zangu, kwa majibu yenu. Nimejifungua mtoto wa kike na sote wawili tu wazima.

Ndani ya beseni la kujifungulia sikuingia. Chupa ilipasuka mapema, na saa 24 zilipopita bila uchungu kushika, wakunga walinishauri nianzishiwe, kwa sababu hatari ya maambukizi kwa mtoto huongezeka kadiri muda unavyopita. Dripu ya oksitosini, yaani dawa ya kuchochea uchungu, hulazimu mapigo ya moyo wa mtoto yafuatiliwe muda wote, hivyo nikahamishiwa wodi ya madaktari. Nililia, na mkunga akaniacha nilie bila kuniharakisha, jambo ambalo naamini lilinisaidia kuliko maneno yoyote ya faraja.

Aliyenishauri niandike ni nini hasa ninachokitafuta majini alinifaa mno. Niliandika joto, mwanga hafifu, uhuru wa kubadili mkao, na mtoto kuwekwa kifuani mara moja. Karibu yote yaliwezekana, kwani taa zilipunguzwa, mume wangu akanikanda kiuno kwa taulo la moto, nami nikapiga magoti nikiegemea mito licha ya nyaya za mashine. Baadaye niliomba sindano ya ganzi ya mgongoni, wala sijutii.

Huzuni ya kulikosa beseni bado ninayo, pamoja na furaha ya mtoto. Nikijaaliwa mimba nyingine nitaliomba tena, maana mkunga amenieleza kwamba kuanzishiwa uchungu safari hii, peke yake, si kizuizi.