Tupeane uzoefu: mnyama wako alikatwa mguu na kidonda kikachelewa kufunga

Mama Bobi, Nyakato
Ndugu zangu, nimeamua kuandika kwa sababu asubuhi ya leo, nilipokuwa uani nikimwosha mbwa wangu Bobi kidonda, mtoto wangu wa miaka 6 aliniuliza kama mguu utaota tena, nami nikakosa la kumjibu. Bobi aligongwa na bodaboda karibu na Buzuruga, hapa Mwanza, mfupa wa paja la nyuma ukasagika, na daktari wa mifugo akaukata mguu juu kabisa, karibu na nyonga. Leo ni siku ya 19. Tuliambiwa kwamba nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na kweli zilitolewa siku ya 13, sehemu ya juu ikiwa imeshikana vizuri. Lakini kona ya chini imeachia kiasi cha sentimita 4, na kila asubuhi gunia analolalia huwa limelowa majimaji mekundu mepesi ambayo hayanuki. Daktari ananiambia nivumilie, majirani wananiambia nimpumzishe, yaani auawe asiteseke. Waliopitia hali hii, naomba mniambie mlikaa siku ngapi na ni kitu gani kilichosaidia.

Mkazi wa Kitangiri
Kwangu pia wiki ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Usikate tamaa, dada.

Baba Simba, Igombe
Umenikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisimulia kwa ukamilifu. Mbwa wangu Simba alikuwa mlinzi wa pale tunapoanika dagaa, na alinaswa na waya wa mtego, mguu wa nyuma ukaharibika kuanzia kwenye kifundo kushuka chini. Daktari alisema ni lazima ukatwe, nami nikamsihi aukate chini ya goti, nikiamini kwamba mbwa akibakiwa na kigutu kirefu atapata cha kukanyagia. Akanikubalia.

Miezi 4 iliyofuata sitaisahau. Kila mara nyama mpya nyekundu ilipoanza kujaa, Simba alijaribu kukanyaga kwa kile kigutu kwa sababu hakujua kwamba wayo haupo tena, akakigonga kwenye mawe, na kidonda kikapasuka upya. Nilibadilisha dawa mara 3. Nilinunua ile dawa ya kupuliza ya vidonda vya ng'ombe, nikamfunga bandeji mpaka ngozi ikaanza kuvundia ndani yake, nikamchoma sindano za antibaiotiki nilizouziwa dukani bila kipimo chochote. Usiku mmoja wa mvua nilisikia analia chini ya mtumbwi. Nilipommulika kwa tochi ya simu niliona ncha ya mfupa, nyeupe, imetokeza nje ya ngozi. Nilikaa naye pale mpaka kulipokucha, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuinuka.

Niliuza magunia 2 ya dagaa nikamleta mjini. Daktari wa pili akakata upya, katikati ya paja, akaifunika ncha ya mfupa kwa misuli kabla ya kushona ngozi. Nyuzi zilitolewa siku ya 14, na halikutoka tone. Kwa hiyo, Mama Bobi, kama wako alikatwa juu, shukuru kwa hilo.

Mwananchi wa Mkolani
Pole sana, lakini daktari wa kwanza alipaswa kukataa. Mwenye mbwa hakusomea upasuaji. Haiwezekani mtu akubali kukata mahali pasipofaa kwa sababu tu amebembelezwa.

Baba Simba, Igombe
Ndugu, hukuwepo. Mimi ndiye niliyesihi, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Sikuandika hapa ili mtu ahukumiwe.

Mwananchi wa Mkolani
Simhukumu mtu kwa chuki. Ninasema ili mwingine asiingie katika shimo lile lile.

Afisa mifugo mstaafu, Magu
Vijana wangu, tulieni. Ni kweli kwamba kwa mbwa na paka mguu hukatwa juu hata kama jeraha liko chini. Wa nyuma hukatwa kwenye paja au nyongani, na wa mbele mara nyingi huondolewa pamoja na bega zima. Kigutu kifupi kilichozungukwa na misuli hakigongi ardhi, na mnyama wa miguu 3 hutembea vyema bila kuhitaji cha kukanyagia. Huo ndio uzoefu wangu wa miaka mingi.

Kuhusu majimaji ya Bobi: misuli mikubwa inapoondolewa hubaki nafasi tupu chini ya ngozi, na nafasi hiyo hujaa maji ya mwili. Maji hayo yakiwa mepesi, yasiyonuka, na mbwa hana homa, mara nyingi mwili huyanyonya wenyewe ndani ya wiki chache. Usimruhusu mtu ayavute kwa sindano kila siku, kwa kuwa kila sindano inaweza kuingiza wadudu mahali ambapo hawakuwepo. Lakini yakigeuka kuwa mazito, ya njano au ya kijani, au yakianza kunuka, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo, na umwombe usaha ukaoteshwe maabara, ili ijulikane ni wadudu gani, kabla ya kubadilisha dawa. Mwanza tuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, kwa hiyo daktari wako anaweza kuulizia huko.

Mama Bobi, Nyakato
Shikamoo mzee. Asante sana, nimepumua kidogo. Je, nimwoshe kwa nini? Mimi nimekuwa nikitumia spiriti.

Fundi wa Igogo
Spiriti ni sahihi kabisa. Inaunguza wadudu wote. Ikiuma ujue inafanya kazi.

Binti wa Bwiru
Hapana, kaka, si sahihi. Spiriti inaunguza wadudu pamoja na ile nyama changa inayojaribu kujaa, na ile dawa inayotoa mapovu ikimwagwa kila siku hufanya vivyo hivyo. Sisi tulielekezwa maji ya chumvi tu: gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ambazo ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Unamwagia taratibu, unakausha kwa kitambaa safi bila kusugua, unaacha.

Fundi wa Igogo
Babu yangu alitibu mbwa wa uwindaji kwa spiriti maisha yake yote, na walipona.

Afisa mifugo mstaafu, Magu
Walipona kwa sababu mbwa ana mwili wenye nguvu, mjukuu wangu. Fuata maji ya chumvi.

Mkazi wa Pasiansi
Mimi nashauri asali ya Tabora. Paka wangu alipakwa asali kwenye sehemu iliyoachia, mara 2 kwa siku, na ndani ya wiki 3 ilijaa nyama nzuri.

Mwananchi wa Mkolani
Asali ipi? Ile ya barabarani iliyochanganywa na sukari guru? Kwanza mbwa ataramba, na huko kuramba ndiko kutakakofungua kidonda.

Mkazi wa Pasiansi
Nilisema asali ya Tabora, sikusema ya barabarani. Na paka alikuwa amevaa kola ya plastiki shingoni, kwa hiyo hakuweza kuramba.

Dada wa Nansio, Ukerewe
Hilo la kola ndilo lililonifanya niandike. Paka wangu, Pusi, alizongwa mguu wa mbele na kipande cha wavu wa nailoni wa uzi mmoja, ule uliokatazwa ziwani, ambao mtu aliutupa ufukweni. Alipotea siku 4, na aliporudi mguu ulikuwa umekuwa mweusi na baridi. Nilivuka naye hadi Mwanza, ukakatwa pamoja na bega, na siku ya 5 nikaruhusiwa kurudi naye nyumbani.

Tukiwa ndani ya meli hakutaka kula akiwa amevaa kola, nikamwonea huruma nikaivua. Nilisinzia, nadhani kwa dakika 10 tu. Niliposhtuka, kikapu kilikuwa na damu, nyuzi 6 alikuwa amezing'oa kwa meno, na ngozi imefunguka kiasi cha kuona misuli inavyocheza anapohema. Nilipiga kelele. Abiria mmoja akasema nimtupe ziwani kwa sababu paka wa damu chomboni ni nuksi, na wengine wawili wakaanza kumuunga mkono. Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami alisimama, akasema yeye ni muuguzi yuko likizo, akavua kanga yake ya juu, akaikunja, akakandamiza kidonda kwa kiganja chake na kuwaambia wale wanaume kwamba wakimgusa paka watamgusa yeye kwanza. Tulikuwa katikati ya maji, hatuoni hata kilima cha Ukerewe. Mtandao wa huku unakatika, nitaendelea.

Mkazi wa Kitangiri
Dada, alipona?

Fundi wa Igogo
Tafadhali usituache hapo.

Mkazi wa Pasiansi
Na yule muuguzi ulimpata tena?

Mama Bobi, Nyakato
Ninamwombea Pusi, na nami nasubiri. Lakini kabla mada haijapotea, naomba anayejua anisaidie kuhusu maumivu. Bobi analia usiku. Naweza kumpa vidonge vyetu vya kawaida?

Binti wa Bwiru
Usimpe. Nakuomba sana usimpe. Mdogo wangu alimpa paka wetu kipande cha kidonge cha parasetamoli baada ya upasuaji, kwa nia njema. Jioni fizi zilikuwa za kahawia, uso umevimba, anahema kama aliyekimbia. Alikufa kabla ya mapambazuko. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, na damu yake hushindwa kubeba hewa. Kwa mbwa, dikilofenaki na ibuprofeni zetu huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Dawa ya maumivu iandikwe na daktari wa mifugo, kwa uzito wa mnyama.

Mfugaji wa Kisesa
Naongeza jambo ambalo sijaliona likitajwa. Mbwa wangu alikatwa mguu, kidonda kikawa safi, hakina usaha, lakini kwa wiki 5 hakikusogea hata kidogo. Nyama yake ilikuwa ya rangi ya kufifia, kama nyama iliyooshwa. Daktari hakugusa kidonda. Alimfunua mdomo, akanionyesha fizi, nazo zilikuwa nyeupe. Damu ilipopimwa ikaonekana ana ugonjwa wa kupe, ule unaopunguza damu na chembe zake za kugandisha. Alipewa doksisaiklini kwa siku 28, akaogeshwa dawa ya kupe, nami nikaacha kumlisha ugali na mchuzi mtupu, nikawa namchemshia dagaa niliowaosha mchanga mara 3, pamoja na yai. Fizi ziliporudi kuwa za pinki, kidonda nacho kikaanza kujivuta kutoka pembeni, na sikubadilisha dawa ya kupaka hata moja. Mama Bobi, mfunue Bobi mdomo uangalie.

Mama Bobi, Nyakato
Nimemfunua sasa hivi kwenye mwanga wa mlangoni. Zimepauka. Na masikioni nimemtoa kupe 7. Kesho asubuhi nampeleka.

Mwananchi wa Mkolani
Mpeleke akiwa amebebwa, asitembee. Wengine watakwambia mazoezi ni mazuri, lakini kona inayovutwa kila hatua haiwezi kushikana.

Baba Simba, Igombe
Kukaa tu nako si kuzuri. Simba alitembezwa kwa kamba dakika 5, mara 3 kwa siku, na ilimsaidia. Jambo la maana ni asiruke wala asiteleze, kwa hiyo tandika magunia juu ya sakafu ya vigae.

Fundi wa Igogo
Akishapona kabisa mpeleke aogelee ziwani, mbwa wa miguu 3 huogelea vizuri.

Afisa mifugo mstaafu, Magu
Akishapona kabisa, ndiyo. Kidonda kikiwa wazi, maji ya ziwa yasimguse.

Dada wa Nansio, Ukerewe
Samahanini, mtandao umerudi. Pusi alifika akiwa hai. Afisa mifugo wa hapa hakumshona, akanieleza kwamba kidonda kilichoachia na kuchafuka hakishonwi palepale, kwa kuwa uchafu utafungiwa ndani. Kilioshwa, kikafunikwa, nikawa nabadilisha bandeji kila siku. Nyama ilijaa kutoka chini kuja juu, na ngozi ikakutana wiki ya 6. Muuguzi yule aliacha kanga yake kwangu na alikataa nimlipe. Ninayo, imefuliwa, na sijui nitampata wapi.

Mkazi wa Kitangiri
Wabeja, asante sana, dada. Nimelia.

Mama Bobi, Nyakato
Ndugu zangu, narudi baada ya siku 16. Damu ilionyesha ugonjwa wa kupe, kama alivyosema Mfugaji wa Kisesa, na Bobi yuko katikati ya dozi. Ile kona iliyokuwa sentimita 4 sasa ni sentimita 1 na nusu, gunia lilikuwa kavu asubuhi 3 mfululizo, na jana alifuata sahani mpaka jikoni bila kuitwa. Tatizo lililobaki ni kola, kwa sababu ameitafuna ukingoni na pua yake sasa inafikia kidonda. Kuna anayejua mahali hapa mjini panapouzwa kubwa zaidi, au nikate ndoo ya lita 10?

Binti wa Bwiru
Kata ndoo, lakini ukingo wa ndani uuzungushie kitambaa kinene ili usimkate shingo. Ninayo iliyobaki kwa yule paka wetu, ila ni ndogo.