Pinboli ya 1992 inajizima nikibonyeza flipa mbili kwa pamoja, shida iko wapi?

mtu_wa_pugu:
Wakuu habari zenu. Niko Columbus, Ohio, kuna mashine ya pinboli nimeinunua kwa mzee jirani aliyekuwa anahama, ni Fish Tales ya Williams ya mwaka 1992, zile za mfumo wa WPC (bodi za kielektroniki za Williams za enzi hizo), na kwa umri wake bado nzuri sana hata kabati halijapauka. Shida ni hii, ukiiwasha inawaka fresh tu, skrini inaonyesha, muziki unapiga, taa zote sawa, unaanza gemu vizuri kabisa, sasa subiri mpira ushuke kwa kasi ubonyeze flipa zote mbili (vile vibao vya kupigia mpira) kwa mkupuo, inakata ghafla halafu inajiwasha yenyewe upya kama ndo kwanza umeichomeka, na pointi zote zimeondoka. Flipa moja moja haisumbui. Jioni ndo balaa zaidi, hasa AC ya nyumbani, yaani kiyoyozi, ikiwa inafanya kazi. Fundi mmoja wa hapa kaiangalia juu juu akasema bodi ya CPU (ubongo wa mashine) imekufa ninunue mpya, na bei yake si mchezo. Kabla sijatoa hela naomba mawazo yenu, watoto wameipenda sana hii kitu na sitaki iishie stoo. Mita ya digitali ninayo na kulehemu najua.

fundi_saketi:
Mkuu usinunue bodi. CPU iliyokufa isingekuchezesha gemu hata dakika moja. Hiyo inafanya kazi yake sawasawa, tena inakulinda. Kwenye bodi ya CPU kuna kadude kadogo kenye miguu mitatu, MC34064, kazi yake ni kulinda ile laini ya volti 5 inayoendesha CPU, ikishuka mpaka kwenye 4.6 hivi kanaiambia CPU simama anza upya. Kwa hiyo swali siyo kwa nini CPU inazima, swali ni volti 5 zinapotelea wapi.

Kwa nini flipa? Koili za flipa (sumaku za umeme zinazozisukuma) zinakula laini ya volti 50 (bila mzigo mita itakuonyesha karibu 70 usishtuke) na zinavuta umeme mwingi sana kwa wakati mmoja. Transfoma ni moja kwa kila kitu, kwa hiyo zikivuta mbili kwa pamoja kila laini inayumba kidogo, na ile ya 5 kama tayari ilikuwa imechoka ndo inadondoka chini ya mstari. AC ikiwaka umeme wa ukutani wenyewe unashuka, ndo maana jioni inazidi.

Njia ya hiyo 5 ni fupi, ifuate. Transfoma inatoa volti 9 za AC (hapa siyo kiyoyozi, ni umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani), zinaingia kwenye rektifaya, kifaa cha kuugeuza kuwa DC yaani wa upande mmoja kama wa betri, inaitwa BR2 kwenye bodi kubwa ya pawa, zikitoka zinatulizwa na kapasita C5 ya mikrofaradi 15,000 volti 25, hapo unakuta DC ya kama 12 hivi, halafu regyuleta LM323K inashusha mpaka 5, halafu konekta J114 inazipeleka kwenye CPU zinaingilia J210. Popote hapo katikati panaweza kuwa pamechoka, miaka zaidi ya thelathini kapasita yoyote inakauka, hilo siyo kosa la aliyeitengeneza.

Pima hivi. Mita kwenye DC, kwenye bodi ya pawa kuna vituo vya kupimia vyenye alama TP, waya mweusi weka TP5 ambayo ni grandi, mwekundu TP2 ambayo ni ile 5, andika namba. Halafu pima kwenye bodi ya CPU yenyewe, kwenye miguu ya hako kadude. Usipime sehemu moja tu ukaridhika, tofauti ya hizo namba mbili ndo itakwambia jambo.

Na tafadhali kaka, kugusa chochote chomoa plagi ukutani, siyo kuzima swichi tu, ndani ya kabati kuna waya za 120 zina moto hata mashine ikiwa imezimwa. Skrini nayo ina laini za zaidi ya volti 100, vidole mbali.

kasuku77:
Mbona mnamzungusha, siku hizi kuna vibodi vidogo vinauzwa unavipachika katikati vinakupa 5 safi, dakika chache umemaliza unacheza.

dada_wa_hamburg:
@kasuku77 vipo na mimi nimeviona, lakini kama konekta imeungua kibodi kitaendelea kusukuma umeme kwenye pini iliyoungua na joto litaongezeka, siku ukija kufungua unakuta plastiki imeyeyuka. Tafuta kwanza panapovuja, ukishajua hapo ndo uamue.

Mtu wa Pugu hujambo. Mimi huku Ujerumani nasaidia kutengeneza hizi mashine, ni kipenzi cha watu huku, na WPC inayojizima kwenye flipa ni ugonjwa tunaokutana nao kuliko wowote. Naongezea kwa fundi. Moja, pima umeme wa ukutani mashine ikiwa inachezwa, siyo ikiwa imelala. Kama ukuta unakupa 112 badala ya 120 basi ihamishe soketi ambayo haishei na AC kabla hujafungua kitu. Pili, angalia dayodi (vifaa vya kupitisha umeme upande mmoja tu) ndogo 1N4004 zilizolehemiwa kwenye koili za flipa chini ya ubao, zinatikiswa kila siku, mguu wa dayodi ukikatika koili ikiachia inarudisha mshtuko wa umeme kwenye saketi na CPU inaanza upya hata kama volti zako nzuri. Hiyo ni ya kuangalia kwa macho na kuigusa kwa kidole, bure kabisa. Tatu, kwenye boksi la umeme kabatini kuna themista, kizuizi cha umeme kinachobadilika na joto, ikichoka inakula volti kabla hata hazijafika kwenye transfoma.

Na ukiwa umefungua, angalia betri tatu za AA kwenye CPU. Zikivujisha maji yake yanakula bodi, na hapo kweli utanunua mpya.

mtu_wa_pugu:
Asanteni sana wote, nimepima. Ukutani bila AC 121, AC ikiwaka inashuka 116. TP2 nasoma 5.01 mashine imetulia. Kwenye CPU kwenye kale kadude nasoma 4.74! Dayodi za flipa zote zimeshika. Betri ni kavu ila nimezitoa. Nimechomoa J114 nikatazama na tochi, pini mbili zina rangi ya kahawia na plastiki ya upande ule imekuwa ngumu kama imeokwa. Hapo ndo penyewe?

fundi_saketi:
Ndo penyewe, zaidi ya robo volti inaishia kwenye konekta. Flipa ikiivuta kidogo tu tayari uko 4.6. Usisugue na msasa ukarudishia, ile rangi ya kahawia maana yake spring ya ndani imepoteza nguvu na itarudi kuungua. Badilisha pande zote mbili, pini kwenye bodi na nyumba ya kike na vibano vyake, chukua vile vya kubana na koleo siyo vile vya kusukumia waya. Fanya na J210 hivyo hivyo.

mtu_wa_pugu:
Nimemaliza konekta zote mbili. CPU sasa inasoma 4.96 na mchana mzima watoto wamecheza haijakata. Usiku AC ikiwaka imekata tena, ila siyo kama zamani, ni mpaka mipira miwili iwe uwanjani na flipa zinapigwa mfululizo.

dada_wa_hamburg:
Hongera, umeshavuka kubwa. Sasa nenda C5. Weka mita kwenye alama ya volti za AC, pima juu ya C5 mashine ikiwa inawaka. Ikikaribia volti moja kapasita imekauka, au dayodi moja ndani ya BR2 imekatika na rektifaya inafanya nusu kazi. BR2 ipime mashine imechomolewa, mita kwenye alama ya dayodi, kila upande usome kati ya 0.4 na 0.6.

Lakini kwa ushauri wangu badilisha vyote viwili kwa pamoja, bei yake ndogo na kazi ya kutoa bodi ni ileile. BR2 chukua ya ampea 35 yenye miguu ya waya, iinue kidogo juu ya bodi ipate hewa. Kisha, hili usiliruke, lehemu waya nene kutoka plasi ya BR2 mpaka plasi ya C5, na mwingine hasi kwa hasi, kwa sababu ukitoa vifaa vya zamani vile vitundu vya bodi mara nyingi vinanyofoka shaba ndani na huwezi kuona.

mtu_wa_pugu:
C5 inasoma volti 1.1 za AC. Naagiza vyote viwili leo pamoja na waya.

fundi_saketi:
Sawa kaka. Kapasita ikifika angalia mstari wa hasi mara mbili kabla ya kulehemu, ukiigeuza inapasuka.